Daktari wa Ini Aliyebaki Kwenye Orodha

Ninyi mnaoingia sasa katika ofisi za kupanga watumishi wa afya hapa Lualaba mmenikuta nimekwisha kutoka. Nilikabidhi funguo zangu siku ya Ijumaa, tarehe 31 Januari 2025, saa nane mchana, na aliyezipokea alitaka kunisomea hotuba. Nilimwomba aihifadhi. Hotuba ya kumuaga mtu humsifu kwa mambo ambayo mtu mwingine yeyote angeyafanya, wala haitaji lile alilolifanya yeye peke yake. Lile langu nitaliandika mwenyewe. Lakini sharti kwanza niwaonyeshe kazi ilivyo, kwa sababu asiyeijua kazi hawezi kulipima kosa lake.

Kazi yetu ilikuwa kujua jimbo lina madaktari gani, linakosa gani, na kuwaomba wale wanaokosekana miaka mingi kabla mgonjwa hajaanza kuwaulizia. Nilifundishwa na mzee wetu, Tata Kabamba, mkuu wa ofisi yetu ndogo ya vyumba viwili, ambaye kabla ya hapo alikuwa mwalimu wa hesabu. Kompyuta ilikuwepo, ila yeye hakuiamini. Juu ya meza yake alikuwa amechora ramani kwa chaki, na kila daktari alikuwa punje moja ya mahindi. Daktari akihamishwa, Tata Kabamba alimsogeza kwa kidole. Asubuhi moja tulimkosa daktari wa macho wa Dilolo: panya alikuwa amemla. Tata Kabamba aliitazama ile nafasi kwa muda mrefu, kisha akaniagiza kwa sauti ya kikazi kabisa niandike kwamba nafasi ya Dilolo iko wazi. Tulicheka hadi mlinzi akaja kutazama.

Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba cheti hakitibu mtu. Akasema niende hospitalini saa nne asubuhi, niwahesabu walioketi mbele ya wagonjwa, na hao tu niwaandike. Kuhusu madaktari wapya kutoka mbali, kama watakaa au watarudi kwao, alikuwa na kanuni yake, nami naiandika kama alivyoitamka, munganga kwake akiwa daktari na bibi akiwa mke: “Munganga eko na bibi. Bibi eko na mama yake. Kama mama ya bibi eko Kinshasa, ule munganga umuhesabu nusu.” Mwaka wa kwanza niliiona ni mzaha. Mwaka wa tatu niliitumia katika kila barua.

Mstari wa magonjwa ya ini nilipewa mimi kwa sababu hakuna aliyeutaka. Ulikuwa na nafasi moja tu. Mtu wa ini haokotwi barabarani. Akimaliza udaktari wa kawaida leo, mtoto aliyezaliwa leo atakuwa anajua kusoma kabla huyo hajarudi na ujuzi wa ini. Tena akirudi peke yake hajarudi. Anahitaji muuguzi aliyezoea mrija wenye kamera unaoteremshwa kooni, anahitaji mtu wa maabara anayeweza kukitafuta kirusi ndani ya damu, anahitaji pia mtu anayejua kuusafisha ule mrija bila kuuharibu. Tulimpeleka muuguzi mmoja kujifunza mrija. Aliporudi, mtu alikuwa amempangia wodi ya wazazi. Miezi saba alipokea watoto wachanga huku mrija ukilala ndani ya sanduku lake. Alipolalamika, aliambiwa kwamba kule nako ni tumboni.

Na wagonjwa? Ofisi kuu ilituandikia kwamba takwimu zetu hazionyeshi ugonjwa wa ini wa kutosha kudai nafasi ya pili. Nilipanda pikipiki hadi kituo cha afya cha Musonoi, kwenye cité, mtaa wa makazi ulio kando ya machimbo, nikaomba madaftari. Muuguzi wa pale, mtu mpole, alinihurumia kwa safari yangu.

“Mama, huku maini haigonjwaka,” akaniambia. “Huku batu banalishana sumu.”

Siku tisa niliyasoma madaftari yake. Macho ya manjano. Tumbo limejaa maji. Ametapika damu, amelishwa sumu na mwenzake wa shimoni. Amekonda, amelogwa na shemeji. Nilipiga mstari chini ya kila mmoja. Huo ndio uliokuwa ugonjwa wetu wa ini, umejificha chini ya majina ya maadui. Daktari Kasong, aliyekuwa peke yake katika ile nafasi yetu moja, aliusoma mwandiko wangu na kuandika barua iliyoutegemea, na kwa barua hiyo tulikubaliwa nafasi ya pili. Daktari kijana, mwanamke, Daktari Nsenga, alikuwa akimaliza masomo ya ini mwezi wa Mei 2022. Tulimwomba yeye kwa jina.

Sasa nirudi nyuma.

Mume wangu alikuwa fundi wa mitambo katika shimo moja la shaba upande unaoitwa Mashamba. Alifariki Jumamosi, tarehe 21 Juni 2003. Jumanne, tarehe 24, wakati bado nimeketi mkekani na nywele zangu hazijaguswa, shemeji yangu alipita langoni mwa kazi na kuona jina lake kwenye karatasi ya zamu. Lilikuwa limepigwa mstari mwekundu, na juu yake limeandikwa jina la mtu mwingine. Siku tatu. Nilikuwa na umri wa miaka arobaini na mitatu, sikujua kuandika zaidi ya jina langu, lakini mstari ule niliusoma vizuri hata bila kuuona. Nilianza kazi hospitalini, na baadaye katika ofisi za afya, kwa ndoo na kitambaa cha sakafu. Jumatatu, tarehe 5 Septemba 2005, niliingia shule ya watu wazima, nikaketi dawati moja na binti ambaye angeweza kuwa mjukuu wangu. Nilipata diploma ya serikali, ile ya kumaliza sekondari, kisha nikasomea uongozi wa afya, na Jumatatu, tarehe 4 Novemba 2013, niliketi kwa mara ya kwanza ndani ya ofisi ambayo wiki iliyotangulia nilikuwa nimeipiga deki.

Niliingia na sharti moja moyoni. Tata Kabamba alipostaafu na orodha zikawa mikononi mwangu, nililifanya desturi ya ofisi: jina la mtumishi aliyefariki halifutwi hadi familia yake iondoe matanga. Hakuna aliyenipinga. Wengi walinisifu. Wajane walikuja kunishukuru, nami nilizipokea shukrani hizo nikiwa nimeinua kichwa. Kwa muuguzi au mpishi wa hospitali desturi hiyo haikumdhuru mtu, maana walikuwa wengi na mwenzake alishika zamu. Sikujiuliza ingekuwaje kwa mstari wenye jina moja.

Daktari Kasong alifariki ghafla, kwa moyo, Alhamisi, tarehe 17 Februari 2022. Alikuwa mtu wa Musumba, kule Kapanga, na wazee wake walitaka matanga yaondolewe nyumbani kwao. Mvua zilikuwa zimekata barabara. Wakaahirisha hadi kiangazi. Mimi niliketi mkekani pamoja na mjane wake, Mama Mwad, kwa siku zote za kilio, kisha nikawa naenda kila Jumapili. Jedwali la mwaka lilitakiwa kufika ofisi kuu kabla ya tarehe 31 Machi. Nilipofika kwenye mstari wa ini, kalamu ilisimama. Nikaandika: nafasi mbili, aliyepo mmoja. Nikasaini. Habari za kifo zingefuata njia yake, kwa faili lake, nami nilijiambia kwamba kule juu kuna mtu atakayeyaweka mafaili mawili pamoja. Ninyi mnaofanya kazi hii mnajua kwamba mtu huyo hayupo.

Yupo mtu mwingine inanibidi kuwajulisha. Tata Feruzi alikuwa mwenye lori, Mwislamu, wazazi wake walitoka Maniema. Alisafirisha saruji na unga, na juu ya saruji alitubebea maboksi ya fomu hadi zahanati za mbali. Aliniita Mama Mpango. Ini lake lilikuwa limeharibika, naye maishani hakuwahi kuonja pombe, ila watu wa mtaani waliposikia ini walikonyezana kwamba anakunywa kwa siri. Jambo hilo lilimwumiza kuliko ugonjwa. Daktari Kasong alimwita hospitalini pamoja na ndugu zake na jirani wawili, akawaeleza mbele yake kwamba ni kirusi, pengine alikipata tangu kuzaliwa, na kwamba pombe haimo. Tangu siku hiyo Feruzi angembebea yule daktari mlima.

“Mama Mpango,” alizoea kunitania akilionyesha lori lake, “unipangie maini ingine. Hii yangu iko ya zamani kupita kamyo.”

Mishipa ya kooni mwake ilikuwa imevimba, na kila baada ya miezi michache Daktari Kasong aliifunga kwa vipira vidogo kupitia ule mrija, ili isipasuke. Zamu yake nyingine ilikuwa mwezi wa Machi. Daktari alikuwa kaburini. Lubumbashi kulikuwa na mtu wa kuifanya kazi hiyo, lakini kwenda na kurudi na kungoja miadi kungemweka Feruzi mbali na lori kwa majuma. Alikuja ofisini Jumatano, tarehe 6 Aprili, akasimama mlangoni na kofia mkononi.

“Mama Mpango, niende Lubumbashi ao ningoje?”

“Ngoja, Tata Feruzi,” nikamjibu. “Mwezi wa sita munganga atafika. Mi mwenyewe nilimupanga.”

Alicheka, akasema kwamba serikali humsahau mtu, ila Mama Mpango hasahau. Akaenda zake.

Barua ilifika Jumatatu, tarehe 13 Juni. Ilikuwa fupi na yenye adabu. Kwa kuwa jimbo letu lilikuwa na daktari mmoja wa ini aliye kazini, na jimbo lingine halikuwa na hata mmoja, Daktari Nsenga alikuwa amepelekwa huko. Niliisoma nikiwa nimesimama. Nikaisoma tena nikiwa nimeketi. Hakukuwa na kosa ndani yake. Kama ningekuwa mimi kule juu, na karatasi ile mbele yangu, ningeamua vivyo hivyo. Daktari aliyekuwa kazini alikuwa amekwisha kufa, na aliyemweka kazini ni mimi.

Jumanne asubuhi nilikwenda kwa Mama Mwad kumwomba ruhusa ya kufuta jina la mumewe. Alikuwa akifunga mizigo ya Musumba, maana barabara ilikuwa imefunguka na matanga yangeondolewa juma lile. Nilijitayarisha kwa machozi yake. Nilimweleza kila kitu, nikamwambia kwamba nilimtunzia jina. Aliacha kukunja kitenge alichoshika.

“Nani alikuambia mi ningekataa?” akaniuliza.

Alikiweka kile kitenge juu ya mzigo.

“Bwana yangu alikuwa anachukia karatasi ya uongo. Mungeniuliza, ningefuta mi mwenyewe, ile siku ya kwanza. Ulikaa na mi pa mukeka, mama. Kila siku ya Mungu ulikuya. Mbona haukuuliza?” Kisha akasema polepole, bila hasira: “Ile kilio yenye ulikuwa unachunga, haikuwa yangu.”

Niliondoka nyumbani kwake kama mtu aliyevuliwa kitambaa cha kichwa barabarani. Miaka yote nilidhani nawalinda wajane. Hakuna hata mmoja niliyewahi kumwuliza anataka nini. Adhuhuri hiyo hiyo nililifuta jina, nikatuma jedwali jipya, nikapiga simu hadi sauti ikanikauka. Kumhamisha mtu aliyekwisha kupangwa, wanangu, si kusogeza punje ya mahindi. Daktari Nsenga alifika kwetu Jumatatu, tarehe 7 Novemba 2022. Ni daktari mzuri, yupo hadi leo, na mama yake anaishi Likasi, si mbali nasi, nilihakikisha.

Jumatano, tarehe 15 Juni, nilimkuta Feruzi sokoni akipakia lori. Nilidhani ni saruji. Zilikuwa sufuria, magunia ya unga, viti, na jamaa wa Daktari Kasong waliokwisha kupanda juu. Alikuwa amejitolea kuwapeleka Musumba bila nauli. Nilimvuta kando nikamwambia kwamba daktari haji, na kwamba kesho yake aende Lubumbashi. Hakuuliza sababu. Nilikuwa nimeiandaa, iko kwenye ulimi, na kwa kuwa hakuuliza nikaimeza. Hilo nalo liandikeni upande wangu.

“Kesho niko mu njia na batu ba Tata Kasong,” akasema. “Ule munganga alinitoa haya mbele ya batu. Mi nimuachie kilio yake mu barabara? Nikirudi, mama. Nikirudi njo ninaenda.”

Ningaliweza kumwambia ukweli wote. Ningaliweza kuwashusha wale watu wote, nikawaeleza juu ya ile mishipa ya koo. Nilimwambia asafiri salama.

Matanga yaliondolewa vizuri, watu walikula, Mama Mwad alivua nguo nyeusi. Wakati wa kurudi, Jumamosi, tarehe 25 Juni, karibu na Sandoa, saa sita mchana, Feruzi alisimamisha lori pembeni mwa njia, akavuta breki ya mkono, akashuka na kutapika damu. Kwa jinsi alivyoliegesha, abiria wake walidhani anataka kuswali. Zahanati iliyokuwa karibu ni moja ya zile alizozibebea fomu. Walikuwa na fomu. Alizikwa huko siku hiyo hiyo, kwa desturi ya dini yake.

Kuna mambo ninayotaka myatunze kutokana na haya, nami nayasema upesi kwa sababu si ya kujivunia. Mtumishi akifa, jina lake litoke kwenye jedwali siku hiyo hiyo, kabla ya maiti kuoshwa ikiwezekana. Heshima ya marehemu muipeleke kwa miguu nyumbani kwake. Mkae, mpike, mlie. Ndani ya jedwali haina kazi. Mstari wenye jina moja muutazame kila juma, kama mama anavyomtazama mtoto mwenye homa. Na msimwambie mgonjwa “ngoja” kwa kuwa mmeandika. Mwambieni mlichokiona kwa macho, na njia iliyopo leo, hata kama ni ndefu.

Jumamosi, tarehe 2 Julai, nilikwenda kwa Mama Zaina, mjane wa Feruzi. Alikuwa katika eda, ameketi chumba cha ndani, na mbele yake sinia la mchele alilokuwa akichambua. Nilikataa kiti. Niliketi chini, nikamweleza tangu mwanzo: jina, jedwali, barua, neno nililomwambia mumewe mwezi wa Aprili, na lile nililolificha sokoni. Sikujitetea kwa habari ya mume wangu. Vidole vyake havikusimama. Alitoa jiwe, akaliweka ukingoni, akatoa lingine.

“Mu ile karatasi,” akasema mwishowe, “jina ya bwana yangu ilikuwa wapi?”

Nilimweleza kwamba karatasi ile ni ya madaktari. Wagonjwa hawaandikwi humo.

Aliinua macho. Hakuwa ananishtaki, alikuwa hajaelewa, kama mtu anayeuliza njia.

“Sasa mulikuwa munamupangia nani?”

Nimefanya mitihani mingi ukubwani, na hata somo lililonishinda sikuwahi kurudisha karatasi tupu. Siku hiyo niliketi mbele ya Mama Zaina hadi mchele ukaisha, naye akauchukua kwenda kuuosha.